Gari jipya au lililotumika? Mwongozo kamili wa kuamua kabla hujatoa pesa

Ukimuuliza fundi mzuri kama ununue gari jipya au lililotumika, atakujibu kwa swali: utalifanyia kazi gani, na utakaa nalo muda gani? Muuzaji hakuulizi hivyo. Yeye ana gari uwanjani na anataka liondoke. Mwongozo huu unafuata njia ya fundi: kwanza wewe na mfuko wako, kisha hesabu, na mwisho kabisa ndipo tunafungua boneti. Ukianza na gari lenyewe, hasa kama rangi yake imeshakukaa moyoni, kila hesabu itakayofuata utaipinda mpaka ikubali.

Hatua ya 1: Andika matumizi yako

Chukua karatasi uandike kilomita unazokwenda kwa mwezi, aina ya barabara, watu na mizigo unayobeba siku za kawaida (siyo ile safari moja ya mwaka ya ukoo mzima), na miaka unayotarajia kukaa na gari. Hilo la mwisho wengi huliruka, nalo ndilo zito kuliko yote.

Anayenunua jipya na kulibadilisha kila baada ya miaka mitatu ndiye anayeendesha kwa gharama kubwa zaidi, maana kila mara analipia kipindi ambacho thamani inaporomoka. Mwingine akinunua jipya lile lile akakaa nalo miaka 12, hasara hiyo inagawanyika kwa miaka mingi kiasi kwamba hesabu ya mwaka kwa mwaka huanza kukaribiana na ya aliyenunua lililotumika. Ukijijua kwamba unachoka haraka na gari, anza na lililotumika. Hapo sioni ubishi.

Kilomita nazo zina neno lake. Matumizi ya kawaida huhesabiwa kuwa kati ya kilomita 15,000 na 20,000 kwa mwaka. Ukiwa chini sana ya hapo, gari jipya litakuwa linazeeka bila kutembea, na thamani inashuka hata likiwa limesimama. Lakini kama gari ndilo linalokuletea riziki, siku tatu gereji ni siku tatu bila kipato. Mtu wa namna hiyo anaweza kulipa zaidi kwa jipya na bado akawa amefanya hesabu sahihi.

Hatua ya 2: Hesabu hasara ya thamani, usihesabu bei tu

Bei ni pesa unayotoa leo. Gharama ni tofauti kati ya pesa hiyo na utakayopata siku ya kuuza, ukijumlisha yote uliyotumia katikati. Magari mengi mapya hupoteza asilimia 15 hadi 25 ya thamani mwaka wa kwanza, na kufikia mwaka wa tano limebaki na kama nusu ya bei yake, au pungufu. Mshuko ni mkali mwanzoni, kisha unatulia. Modeli hazifanani: pikapu na magari magumu yenye sifa, kama Toyota Hilux na Land Cruiser, hushika bei kwa muda mrefu, ilhali saluni kubwa za kifahari huanguka vibaya. Ndiyo maana unaweza kukuta BMW 7 Series ya miaka minane inauzwa kwa bei ya gari dogo jipya. Usishangilie. Bei ya gari imeshuka, bei ya vipuri vyake haijashuka hata kidogo.

Tufanye hesabu kwa mfano tu. Tuseme gari likiwa jipya bei yake ni 100, kwa sarafu yoyote uipendayo. Ukilinunua jipya na kuliuza baada ya miaka mitano kwa 48, umepoteza 52. Ukilinunua likiwa na miaka mitatu kwa 62, ukakaa nalo miaka mitano na kuliuza kwa 32, umepoteza 30. Tofauti ni 22.

Hapa ndipo watu wengi hukosea: huiona 22 kama faida na kuitumia kupanda daraja, wakanunua gari kubwa zaidi. Hiyo 22 ni mfuko wa matengenezo. Humo zitatoka tairi, betri, breki, shokapu, bushi na mkanda wa taimingi, vitu ambavyo kwenye gari jipya vingi vingekuwa havijafikia zamu yake. Vikila 10, umebakiwa na 12 ya kweli. Gia boksi ikifa, 22 yote inaweza kwenda.

Kwa hiyo punguzo la gari lililotumika ni malipo unayopewa kwa kubeba wasiwasi. Kadiri unavyoweza kuupunguza wasiwasi huo kwa ukaguzi na kumbukumbu, ndivyo punguzo linavyogeuka kuwa pesa yako. Kama huwezi kuupunguza, punguzo hilo si lako bado.

Tafuta takwimu za modeli yako mwenyewe: angalia tangazo la jipya, la miaka mitatu, la mitano na la minane, uandike bei nne. Hiyo ni kazi ya saa moja, nayo itakuambia zaidi ya maneno ya muuzaji yeyote.

Hatua ya 3: Kama ni mkopo, hesabu upya

Mkopo unaweza kupindua majibu yote ya hatua iliyotangulia. Mara nyingi mikopo ya magari yaliyotumika ina riba ya juu na muda mfupi, wakati kampuni zinazouza mapya hutoa ofa za riba nafuu ili kusukuma mauzo. Kwa hiyo linganisha jumla utakayolipa hadi senti ya mwisho. Marejesho ya mwezi yasikudanganye, kwa sababu yanaweza kushushwa kwa kurefusha mkopo tu.

Uliza pia riba inapigwa juu ya nini. Riba ya asilimia 10 inayopigwa kila mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo siyo sawa na asilimia 10 juu ya salio linalopungua. Ukikopa 100 kwa miaka mitano kwa njia ya kwanza, unarudisha 150, yaani 2.5 kila mwezi. Ukiibadilisha kuwa riba ya salio linalopungua, inafika karibu asilimia 17 kwa mwaka. Kwenye tangazo zote mbili zitaitwa "asilimia 10".

Jambo la pili ni deni kuizidi thamani ya gari. Ukiweka malipo ya awali madogo kwenye gari jipya na mkopo mrefu, miaka miwili ya mwanzo utakuwa unadaiwa zaidi ya gari linavyouzika. Likiibwa au kuharibika kabisa, kwa kawaida bima inalipa thamani ya gari siku ile, na pengo unalibeba wewe. Malipo ya awali ya asilimia 20 au zaidi huliziba pengo hilo kwa sehemu kubwa. Kumbuka pia kwamba mkopeshaji kwa kawaida atakulazimisha uchukue bima kubwa kwa muda wote wa deni. Iweke kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Jua unachonunua unaponunua jipya

Unanunua waranti, kwanza. Nyingi ni za miaka mitatu au kilomita 100,000, kipi kinatangulia, na watengenezaji wengine hufika miaka mitano hadi saba. Soma kisichofunikwa: breki, klachi, tairi na mipira ya waipa huhesabiwa kuwa vya kuchakaa. Soma na masharti, kwa maana ukiruka sevisi moja au ukakosa risiti yake, unaweza kujikuta unabishana kaunta siku injini inapoleta shida.

Unanunua usalama wa kisasa, pili, na hili mimi nalipa uzito kuliko skrini kubwa ya dashibodi. Mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka ulikuwa lazima kwa magari madogo Marekani kuanzia modeli za 2012, na kwa magari yote mapya katika Umoja wa Ulaya kuanzia Novemba 2014. Breki zinazojishika zenyewe gari linapokaribia kugonga zimekuwa lazima huko Ulaya kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Lililotengenezwa kabla ya hapo, au kwa soko lisilo na sheria hizo, linaweza kuwa halina. Ukilinganisha nyota za Euro NCAP, shirika ambalo limekuwa likitoa matokeo ya majaribio ya kugongesha magari tangu 1997, angalia mwaka wa jaribio. Nyota tano za 2010 hazilingani na nyota tano za leo, kwa sababu mtihani umekuwa ukikazwa.

Hasara ya jipya, ukiacha thamani, ni kwamba unaweza kuwa wewe ndiye mjaribu. Modeli iliyobadilishwa kabisa mara nyingi hutoka na kasoro ndogondogo, hasa za programu na umeme, zinazorekebishwa mwaka unaofuata. Mimi modeli ngeni ningeiacha itembee mwaka mzima mikononi mwa wengine.

Kuna njia ya kati ambayo husahauliwa: gari la maonyesho lililotumiwa na wateja kujaribia, au lililokodishwa na kampuni kwa miaka miwili mitatu likarudishwa na kumbukumbu zote za sevisi. Mshuko mkali umeshalipwa na mwingine, waranti huenda bado ipo, na historia ipo kwenye karatasi. Kwa watu wengi hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Hatua ya 5: Kagua lililotumika kana kwamba linakuficha jambo

Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof alieleza tatizo la soko hili: muuzaji anaijua gari yake, mnunuzi haijui, basi mnunuzi hutoa bei ya wastani, na wenye magari mazuri wanaona bei hiyo haiwafai wakayabakiza nyumbani. Kinachobaki sokoni ni vibovu kwa wingi. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo pamoja na wenzake wawili. Dawa yake ni wewe kujua anachokijua muuzaji.

*Karatasi.* Namba ya chesisi ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, wala haina herufi I, O au Q. Linganisha iliyo kwenye dashibodi au nguzo ya mlango, iliyogongwa kwenye bodi, na iliyo kwenye hati. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi, hilo lisikutie hofu; cha kutia hofu ni namba zisizolingana, au kibandiko kilichobanduliwa na kubandikwa tena. Hakikisha jina kwenye hati ni la anayekuuzia na gari halina deni. Kisha ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliwahi kuitwa kurekebishwa. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, ilisababisha makumi ya mamilioni ya magari ya chapa nyingi kuitwa, na siyo yote yaliyopelekwa.

*Kilomita.* Mileji hurudishwa nyuma kwa kifaa kidogo kinachochomekwa dakika chache, kwa hiyo soma gari, usisome dashibodi. Inama utazame mpira wa pedali ya breki. Dashibodi inasema 60,000, lakini mistari ya mpira imefutika na ukingo wa kulia umelika? Gari hilo limekanyagwa zaidi ya hapo. Pitisha kidole juu ya usukani pale mkono unapokaa, angalia ukingo wa nje wa kiti cha dereva. Kisha tazama tairi: tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT (ule ulioandikwa ubavuni mwa tairi ukianza na herufi hizo) ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 3521 ikiwa ni wiki ya 35 ya 2021. Gari la 2020 lenye kilomita 20,000 halipaswi kuwa limeshabadilisha tairi zote nne bila maelezo.

*Injini.* Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukione kwenye kuwasha kwa baridi, au amesahau, lakini rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili, fungua kifuniko cha oili, na fungua rejeta (kamwe usiifungue ikiwa ya moto). Ute mzito kama maziwa ya kahawa kwenye oili, au mafuta yanayoelea kwenye maji ya rejeta, ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeharibika. Washa na umsimamishe rafiki nyuma ya eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, na mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, hasa wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda.

Uliza kama injini ina mkanda au cheni ya taimingi. Mkanda una kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi karibu na kilomita 100,000. Katika injini nyingi ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Hakuna risiti ya kubadilishwa? Hesabu kuwa haujabadilishwa, na uitoe kwenye bei.

*Gia boksi.* Kwenye otomatiki, kanyaga breki, tia D, kisha R. Ikichelewa sekunde nzima au ikipiga teke, ina tatizo. Oili yake ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka. Na anayekwambia oili ya gia boksi haibadilishwi maisha yote, muulize maisha ya nani.

*Bodi.* Simama mbele kwenye mwanga wa mchana, fuata kwa macho nafasi kati ya boneti na madigadi, kati ya milango. Nafasi ikiwa pana huku na nyembamba kule, kitu kimeng'olewa na kurudishwa. Boliti za madigadi zilizokwanguliwa rangi zinasema hivyo hivyo. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itashindwa kung'ang'ania mahali penye puti nene, mradi paneli iwe ya chuma cha kawaida, maana alumini na plastiki hazivutwi. Kwa gari lililozama kwenye mafuriko, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: tope na doa la maji hubaki kwenye sehemu ambayo hakuna anayekumbuka kuisafisha. Pua nayo itumie. Pafyumu nyingi ndani ya gari hufunika kitu.

*Kompyuta.* Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya breki na ya mifuko ya hewa lazima ziwake kisha zizime injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa huenda imetolewa makusudi. Chomeka kifaa cha kusomea hitilafu. Kama hakuna hitilafu lakini vipimo vya ndani vinaonyesha bado havijakamilika, kumbukumbu zimefutwa juzi tu au betri ilichomolewa.

*Barabarani.* Nusu saa kwa uchache, kwenye lami ya kasi na kwenye mashimo, redio imezimwa. Kata usukani wote kulia na kushoto ukisikiliza mlio wa kata-kata magurudumu ya mbele. Funga breki kwa nguvu barabara ikiwa tupu uone kama linavuta upande. Angalia kipimo cha joto baada ya foleni.

Baada ya hayo yote, mpeleke fundi unayemlipa wewe, siyo aliyependekezwa na muuzaji wala na dalali. Muuzaji akikataa gari lisiinuliwe gereji, mazungumzo yameisha.

Kwa haibridi na la umeme, betri ndiyo gari. Watengenezaji wengi huipa waranti ya miaka minane au kilomita 160,000, wakiahidi isishuke chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Omba ripoti ya afya ya betri kwa asilimia, na uangalie waranti hiyo inahamia kwa mnunuzi wa pili. Betri zisizo na mfumo wa kupozwa, kama za Nissan Leaf za awali, huchoka haraka kwenye joto kali.

Hatua ya 6: Amua

Nunua jipya kama utakaa nalo miaka minane au zaidi, kama gari likisimama kipato kinasimama, kama ofa ya riba imeziba pengo, au kama kwako magari yaliyotumika yenye kumbukumbu za kweli hayapatikani. Sababu hii ya mwisho haisemwi sana, ilhali ina nguvu kuliko zote.

Nunua lililotumika kama una pesa taslimu, una fundi unayemwamini, vipuri vinapatikana karibu, na baada ya kulipa utabaki na angalau asilimia 10 ya bei pembeni kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama bei inamaliza kila kitu mfukoni, shuka daraja: gari dogo lenye historia safi kuliko kubwa lisilo na historia. Magari ya miaka zaidi ya kumi yasikutishe. Mengine yametunzwa vizuri kuliko ya miaka minne. Lakini hapo umri haukusaidii tena kukisia hali, kila gari ni kesi yake.

Kama bado umegawanyika nusu kwa nusu, mimi ningechukua la miaka miwili hadi minne lenye kitabu cha sevisi kilichojaa.

Hatua ya 7: Siku ya kulipa na wiki ya kwanza

Panga bei yako ya juu kabisa kabla hujakutana na muuzaji, uiandike. Kila kasoro aliyoiona fundi iwekee gharama, kisha zungumza kwa orodha hiyo, siyo kwa kusema "punguza kidogo". Lipa kwa njia inayoacha ushahidi, na umiliki ubadilishwe siku hiyo hiyo. Kwa jipya, kagua mkwaruzo, tairi ya akiba, funguo zote mbili na tarehe ya kutengenezwa kabla hujasaini kupokea, maana gari linaweza kuwa limekaa ghalani mwaka mzima.

Likiwa jipya, kilomita 1,000 za mwanzo usiikamue injini wala kwenda kasi moja kwa muda mrefu, na sevisi ya kwanza isipite tarehe. Likiwa limetumika, badilisha oili ya injini na filta zote wiki hiyo hiyo, hata kama muuzaji ameapa kwamba amebadilisha jana. Oili ya breki na maji ya rejeta yafuate, na mkanda wa taimingi usio na risiti ufungwe mpya kabla ya safari yoyote ndefu.